Sura ya Nne: Wasiofika

Mtu anayetaka kuboresha huduma za afya ya akili kwa vijana wa Morogoro atashawishika kuanzia penye urahisi, yaani kliniki. Pale pana rejista, pana wauguzi wenye uzoefu, pana watu wanaosubiri zamu yao ambao wanaweza kuulizwa maswali. Baada ya wiki chache atakuwa na majibu ya kutosha kuandika ripoti: foleni ni ndefu, dawa huisha, chumba cha mazungumzo hakina faragha. Yote hayo yatakuwa kweli na yatastahili kurekebishwa. Ila ripoti hiyo itakuwa imetokana na wachache walioshinda kila kizuizi hadi wakafika. Naamini utafiti wa watumiaji wa huduma hii unapaswa kuanza na wale ambao hawajawahi kuitumia, pamoja na wale waliofika mara moja wasirudi tena. Wao ndio wengi, na sababu zilizowazuia wanazijua wao. Anayewaruka hao huishia kurekebisha huduma kwa ajili ya watu ambao tayari iliwafaa kwa kiasi fulani.

Kwamba wao ndio wengi si jambo la kubahatisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba nusu ya matatizo haya huanza kabla mtu hajatimiza miaka 18. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Morogoro na watu wapatao milioni 3.2, katika nchi ambayo karibu nusu ya watu wake hawajafika miaka 18. Hata tukiukata uwiano huo wa dunia kwa nusu, bado tunazungumzia makumi ya maelfu ya vijana katika mkoa huu mmoja, idadi ambayo hakuna kliniki ya hapa inayoweza kudai kuwa imeiona. Upo pia ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 2003 jarida la Uingereza la magonjwa ya akili lilichapisha utafiti uliofanyika Dar es Salaam, ukilinganisha watu waliohudhuria vituo vya afya na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Katika vituo vya afya, takriban asilimia 24 walikuwa na dalili za msongo na wasiwasi uliofikia kiwango cha ugonjwa. Kwa waganga walikuwa asilimia 48. Washiriki wale hawakuwa vijana peke yao, na Dar es Salaam si Morogoro, kwa hiyo tarakimu hizo zisihamishwe kama zilivyo. Zinachoonyesha ni kwamba mtafiti aliyeketi kituoni tu angeondoka akiamini tatizo ni dogo kuliko lilivyo, na asingejua kwamba mzigo mkubwa zaidi ulikuwa umepita mlango mwingine.

Morogoro ina historia yake katika jambo hili, na ni historia ya heshima. Kwa miongo mingi, mgonjwa wa akili aliyezidiwa alipelekwa mbali na kwao: Lutindi katika milima ya Usambara, ambako wamisionari wa Kijerumani walianza kuwatunza wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, au Mirembe, Dodoma, hospitali ambayo jina lake watoto wa shule bado hulitumia kumtukania mwenzao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa afya ya akili kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Danida, na mikoa iliyochaguliwa kwa majaribio ilikuwa miwili, Kilimanjaro na Morogoro. Nia ilikuwa kuishusha huduma hadi zahanati na vituo vya afya, ili mtu mwenye kifafa au maradhi makubwa ya akili atibiwe karibu na ndugu zake. Wazo hilo lilitangulia wakati wake, na nchi nyingi zilikuja kulifuata baadaye. Lakini lilikuwa jibu la swali moja, swali la umbali. Kwa mzee anayemsindikiza mwanawe aliyechanganyikiwa, umbali ndio kikwazo. Kwa binti wa miaka 16 asiyelala usiku na ambaye hajamwambia mtu yeyote, ukaribu wenyewe unaweza kuwa kikwazo. Zahanati ya kijiji iko wazi machoni pa wote, muuguzi anasali kanisa moja na mama yake, na akiulizwa dirishani anaumwa nini, anayemfuata kwenye foleni anasikia. Hiyo ni dhana tu, na utafiti ndio wa kuipima. Ninaitaja kwa sababu ni aina ya dhana ambayo rejista haiwezi kuizaa hata ukiipekua miaka kumi.

Milima ya Uluguru imewahi kushuhudia gharama ya kutengenezewa suluhisho na watu wasiouliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Shida yenyewe haikuwa ya kubuni: udongo ulikuwa ukimomonyoka, na mito inayoshuka kutoka milima ile, Ruvu ukiwemo, ilikuwa na umuhimu mkubwa kwa watu wa chini. Wataalamu waliamua dawa ni matuta ya ngazi, wakawalazimisha watu kuyachimba. Mahali pengi udongo mzuri ni tabaka jembamba, na kuchimba matuta kulileta juu udongo usiozaa. Kazi ilikuwa nzito na mavuno hayakuongezeka. Tena ardhi ya Waluguru ilikuwa chini ya koo, na mtu huhesabiwa katika lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, hivyo kila agizo lililogusa shamba liligusa pia nani ana haki gani juu yake. Julai 1955 watu wa Matombo walikusanyika kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukafa naye. Upande wa Mgeta, ambako wakulima walikuwa na mboga za kupeleka sokoni na sababu zao wenyewe za kutengeneza ngazi mlimani, matuta yanaonekana hadi leo. Mbinu ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa katika maisha ya watu walioletewa, na maisha hayo wataalamu hawakuyachunguza kabla ya kutoa amri. Huduma za afya ya akili hazilazimishwi kwa polisi, na kijana asiyeridhika nazo hafanyi maandamano. Anakaa kimya tu, na ukimya huo ni rahisi kuusoma vibaya kama kutokuwepo kwa shida.

Njia mbadala nayo haihitaji kuagizwa kutoka mbali. Katika miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz kutoka Finland alikuwa akifanya utafiti nchini pamoja na wanavijiji, katika kazi iliyofikia mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, na Budd Hall akiwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima alikuwa akifikia mawazo yanayofanana. Utafiti shirikishi, unaofundishwa sasa katika vyuo vya dunia nzima, una sehemu ya chimbuko lake hapa Tanzania. Mwaka 1993 Morogoro palizaliwa MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima, wenye kaulimbiu kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Wakulima wa mkoa huu wameshazoea kuulizwa na kujibu, na hata kukataa mbinu isiyofaa mbele ya mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Watoto wao, wanapoumwa moyoni, bado hawajapewa nafasi hiyo.

Basi mtafiti aanzie wapi? Kwanza aache neno ugonjwa. Kijana akiulizwa kama ana sonona, wengi hawatalitambua neno, na wanaolitambua watakana. Akiulizwa, "Mara ya mwisho mambo yalipokuzidi, ilikuwaje, na wa kwanza kumwambia alikuwa nani?" atakuwa na la kusimulia. Mtafiti amfuate hatua kwa hatua: alimwambia nani, huyo akasema nini, wakaenda wapi, nauli ilitoka kwa nani, ni kitu gani kilifanya safari hiyo ikomee njiani. Simulizi ishirini za namna hii, zikiandikwa kwa uangalifu, huchora ramani ya njia za msaada kama zilivyo, na ramani hiyo mara nyingi itampitisha mtafiti kwa watu ambao hawamo katika muundo wowote wa wizara. Atakutana na bibi, na kungwi aliyemfunda binti, na sheikh au mchungaji, na mganga, na mwalimu wa malezi, na rafiki wa bweni moja. Kwa Waluguru atamkuta pia mjomba, ambaye kauli yake juu ya watoto wa dada yake ina uzito ambao fomu ya hospitali, yenye nafasi ya jina la baba, haiujui. Kila mmoja wa hawa ni mhudumu wa kwanza kwa kijana fulani. Wengine husaidia sana, wengine hudhuru, na wengi wangependa kujua la kufanya mambo yanapowashinda.

Pili, awafuate vijana waliko, na asidhani vijana wa Morogoro ni kundi moja. Mwanafunzi wa bweni anayeogopa matokeo ya kidato cha nne ana siku tofauti kabisa na dereva wa bodaboda wa Msamvu anayedaiwa hesabu ya tajiri kila jioni. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mzumbe aliyechelewa kupata mkopo wa masomo si sawa na kijana anayepakia mboga Nyandira kabla ya mapambazuko. Binti aliyeshushwa kutoka mlimani kufanya kazi za ndani Kihonda anaweza kuwa ndiye mgumu kuliko wote kufikiwa, kwani hana saa yake mwenyewe, simu yake huenda inakaa kwa mwajiri, na Jumapili ndiyo siku pekee anayotoka. Ipo namba ya simu ya 116 kwa ajili ya watoto, na ni huduma ya thamani, lakini mtafiti anapaswa kuuliza ni nani kati ya hawa anaweza kupiga simu bila kusikika. Wanaofaa zaidi kuuliza maswali haya ni vijana wenyewe, waliofunzwa na kulipwa. Dereva wa bodaboda atamwambia dereva mwenzake mambo ambayo hatamwambia mtu mwenye kitambulisho shingoni. Kulipwa nako kusionekane jambo dogo. Kijana anayeombwa kuacha kazi nusu siku ili atoe maarifa yake anafanya kazi, na kumpa soda na ahsante ni kumdhulumu.

Uzoefu wa nchi nyingine za Afrika unaonyesha kwamba kusikiliza kwa namna hii hubadili umbo la huduma yenyewe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza Mbare, Harare, nchini Zimbabwe, na kina bibi 14 waliofunzwa kuzungumza na wenye msongo, wakiketi nao kwenye benchi nje ya kliniki. Benchi hilo mwanzoni liliitwa la afya ya akili, na watu hawakutaka kuonekana wamelikalia. Kina bibi ndio walioshauri liitwe Benchi la Urafiki. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mfumo huo umefika hadi Zanzibar. Nchini Kenya, taasisi ya Shamiri imewatumia vijana waliotoka sekondari karibuni kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vipindi vinne, mara moja kwa wiki, wakizungumzia kukua, shukrani na maadili ya mtu binafsi bila kutaja ugonjwa wowote. Katika jaribio lao la wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wale waliofundishwa mbinu za kusoma, na tofauti ilidumu miezi kadhaa baadaye. Ndani ya mkoa wa Morogoro wenyewe, Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa karibu mwaka 1960. Dawa ya kutuliza degedege ilikuwepo na haikuwa ghali. Lakini watu waliamini kifafa huambukizwa kwa mate, hivyo mgonjwa alikula peke yake na wenzake waliogopa kumgusa hata alipoanguka motoni. Tiba isingeenda popote bila kwanza kuijua hofu hiyo, na hofu haikuwa ndani ya mgonjwa pekee. Ilikuwa kwa majirani, watu ambao hakuna kliniki ingewahoji kamwe kama watumiaji wake.

Wataalamu wana mapingamizi yao, na baadhi yana uzito. La kwanza ni kwamba kijana hajui anachohitaji: hajasomea saikolojia, na akiulizwa ataomba kiwanja cha mpira. Hapa yanachanganywa mambo mawili. Uchaguzi wa tiba inayofanya kazi ni wa mtaalamu, na hakuna anayependekeza dozi ipigiwe kura. Lakini tiba iliyothibitika hufika kwa mtu kupitia saa fulani, mlango fulani, mtu fulani na gharama fulani, na juu ya hayo kijana ana ujuzi ambao daktari hana. Na akiomba kiwanja cha mpira, aulizwe kwa nini. Huenda uwanjani ndipo mahali pekee ambapo vijana wa kiume hukaa pamoja bila kushukiwa, na kama ni hivyo, hapo ndipo msikilizaji aliyefunzwa anapaswa kuwepo.

Pingamizi la pili ni la fedha. Wataalamu wa afya ya akili nchini ni wachache mno, zahanati zina upungufu wa vitu vya msingi, na mtu anaweza kusema kwa uchungu wa haki kwamba shilingi ya utafiti ingenunua dawa. Ninaliheshimu pingamizi hili kuliko yote, kwani linatoka kwa watu wanaohudumia wagonjwa kila siku. Hata hivyo uchache wa fedha unanisukuma upande wa pili. Tajiri akikosea anaweza kujenga tena. Wilaya yenye fedha za kuweka kona moja ya vijana katika kituo kimoja cha afya haina anasa ya kuiweka mahali ambapo hawatakwenda. Mazungumzo ya mwezi mmoja na vijana wachache katika kila kundi, yakifanywa na vijana wenzao, ni gharama ndogo ukilinganisha na chumba kilichojengwa, kikapakwa rangi, kisha kikageuka stoo. Wapo pia watakaosema watu wachache hivyo hawawezi kuwakilisha mkoa. Kweli, hawawezi, wala hawaulizwi ili kupata asilimia. Wanaulizwa ili kujua vizuizi ni vipi na vinafanyaje kazi. Ukubwa wa kila kizuizi utapimwa baadaye kwa dodoso, na dodoso hilo litakuwa bora kwa sababu waliolitunga walishajua la kuuliza.

Pingamizi la tatu linahusu madhara, na hapa mtafiti hana ruhusa ya kuharakisha. Wengi huogopa kwamba kumuuliza kijana kuhusu kujiua ni kumpandikizia wazo. Tafiti zilizopitiwa kwa pamoja hazijaona hivyo. Wengine hupata ahueni kwa kuulizwa. Hatari iliyopo ni kuuliza, kusikia ndiyo, kisha kufunga daftari na kuondoka. Kabla ya swali la kwanza lazima ijulikane kijana huyo atapelekwa kwa nani siku hiyo hiyo, iwe ni afisa ustawi wa jamii au muuguzi wa afya ya akili wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na mtu huyo awe ameshakubali. Ipo pia hatari ya kisheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni za Adhabu za Tanzania kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kijana anayekijua, au ambaye amemwona jirani akihojiwa na polisi akiwa bado kitandani, ana sababu ya kunyamaza. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinapingana na Katiba. Mpaka Tanzania ifanye uamuzi wake, na naona inapaswa kuufanya, mtafiti ana wajibu wa kutoandika majina kwenye simulizi na kuzifunga rekodi zake kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotaka. Kibali cha maadili kutoka kwa mamlaka za utafiti ni lazima, na kwa walio chini ya miaka 18 huhitajika ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na ya kijana mwenyewe. Sharti hilo la mzazi ni la haki, lakini lina ugumu wake: kijana ambaye shida yake iko nyumbani hawezi kuomba ruhusa nyumbani. Kamati za maadili zina njia za kulishughulikia hilo, na mtafiti apeleke swali kwao mapema, kabla hajashika njia ya kwenda Tegetero, kule milimani Uluguru.

Linabaki suala la nani ataamua matokeo yakishapatikana. Utafiti unaoishia kwenye ripoti ya wafadhili umemchukulia kijana siri yake bila kumpa kitu. Matokeo yarudi kwanza kwa waliohojiwa, kwa Kiswahili cha kawaida, na wawe na uwezo wa kusema hapa mmetuelewa vibaya na yakarekebishwa. Baada ya hapo yapelekwe kwenye halmashauri, kwa wakati wenye maana. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini mipango ya halmashauri huanza kuandaliwa miezi mingi kabla, kuanzia vijijini na mitaani kupitia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, kisha hupanda hadi baraza la madiwani. Ripoti inayokamilika Mei imechelewa kwa mwaka mzima. Kwa hiyo anayetaka kuanza ahesabu kurudi nyuma: mazungumzo na vijana yafanyike katikati ya mwaka, matokeo yarudi kwao mvua za vuli zinapoanza, na vijana wawili au watatu waliofanya utafiti, mmoja wao akiwa ametoka mlimani, wakae kwenye kikao cha mipango cha kata wakiwa na orodha ya vitu ambavyo wenzao wamesema wangevitumia, na vile ambavyo wamesema visijengwe.